Kuhama nyumba Busia na Malaba: Katoni za bure zapatikana wapi?

MTU anayehama nyumba mjini Busia au Malaba aghalabu huwa ametenga fedha za kodi, za amana atakayodaiwa na mwenye nyumba mpya na za gari la kubebea vyombo. Asilolikumbuka hadi usiku wa kuamkia safari ni vitu vya kufungia mizigo. Ndipo sahani huvingirishwa katika shuka, vitabu vya watoto hutiwa guniani pamoja na viatu, na vyeti vya shule huchomekwa chini ya godoro. Hasara huonekana gari linapopakuliwa.

Katika miji hii miwili kuhama si jambo la nadra. Maafisa wa forodha na uhamiaji, polisi, wahudumu wa benki na watumishi wa kaunti huletwa na kuondolewa. Walimu nao walihamishwa kwa wingi baada ya Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) kuanza mwaka 2018 kutekeleza sera ya kuwapeleka mbali na maeneo walikozaliwa. Kuna pia wapangaji wa kawaida wa mitaa kama vile Marachi na Burumba mjini Busia, ambao hutoka ploti moja hadi nyingine kila kodi inapopandishwa.

Katoni za kuwafaa wote hao zipo, na nyingi hutolewa bila malipo. Inahitajika tu kujua ni nani anayezifungua, hufungua saa ngapi, na ni zipi zisizofaa kuingia nyumbani mwa mtu. Na kwa kuwa hapa ni mpakani, kuna jambo la ziada ambalo mkazi wa Nakuru au Machakos hahitaji kulifikiria sana: maandishi yaliyo juu ya katoni.

Malori mengi, katoni chache

Mgeni akiutazama msururu wa malori Malaba atadhani mji huo umefurika katoni. Sivyo. Sehemu kubwa ya shehena ipitayo hapo ni ya kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Husafirishwa ndani ya makontena yaliyotiwa lakiri za forodha, na siku hizi nyingi ni lakiri za kielektroniki zinazofuatiliwa njia nzima kutoka bandarini Mombasa. Makontena hayo hayafunguliwi Malaba, wala hakuna utingo anayeweza kukuchomolea katoni humo hata ukimbembeleza vipi.

Katoni tupu hupatikana pale bidhaa inapofunguliwa, yaani katika maduka ya jumla. Kwa sababu hiyo Busia, ambayo ni makao makuu ya kaunti na yenye maduka mengi zaidi, ni mahali bora pa kutafuta kuliko Malaba, na anayeishi Malaba au Amagoro akiwa na gari la kuazima hatapoteza chochote akipitia Busia kwanza.

Wanunuzi wengi wa maduka hayo ni wachuuzi wadogo wanaovuka mpaka, na sehemu kubwa yao ni wanawake. Hununua sabuni, mafuta ya kupikia, biskuti na bidhaa nyingine za viwanda vya Kenya, wakazigawa katika mizigo midogo inayoweza kubebwa kichwani, kwa boda boda, au kwa baiskeli za magurudumu matatu za watu wenye ulemavu ambazo zimekuwa sehemu ya maisha ya mpaka wa Busia. Jina lenyewe la boda boda, tukumbuke, lilitokana na baiskeli zilizokuwa zikiwavusha abiria kati ya vituo viwili vya mpaka katika eneo hili, kabla ya pikipiki kuja na kulichukua. Mzigo ukishagawanywa, katoni hubaki sakafuni mwa duka, na mwenye duka hutaka iondoke.

Kutoka upande wa Uganda huja shehena nyingine ambayo haina msaada wowote kwa anayehama. Ndizi huletwa kwa mikungu, mahindi na maharagwe kwa magunia. Mjini Ulaya anayehama hukimbilia katoni za ndizi kwa kuwa ni ngumu, zina matundu ya kushikia na zote ni za kipimo kimoja. Hapa ndizi ni tele lakini katoni yake haipo. Nyanya sokoni huwa katika makreti ya mbao na vitunguu katika nyavu, na mwenye kreti hawezi kukupa kwa sababu anaihitaji kesho.

Bidhaa mbili za Uganda ni tofauti kidogo. Maziwa ya pakiti hufika yakiwa ndani ya katoni, na mayai hufika katika trei za karatasi, kila moja ikibeba mayai 30. Hata hivyo upatikanaji wake hutegemea uhusiano wa nchi hizi mbili. Mwanzoni mwa mwaka 2020 maafisa wa Kenya walinasa maziwa kutoka Uganda, na Januari 2021 Kenya ikapiga marufuku kuku na mayai ya huko. Ugomvi wa kibiashara unapozuka, bidhaa hizo hupungua na vifungio vyake hupungua nazo. Trei za mayai ukizipata usizidharau. Zikikatwa vipande hutenganisha glasi na vikombe vizuri kuliko gazeti.

Nani wa kuombwa

Mlango wa kwanza ni duka la jumla na supamaketi. Rafu hupangwa asubuhi mapema au jioni karibu na kufunga, na hapo ndipo katoni hutoka kwa wingi. Anayekwenda saa sita mchana hukuta zimekwisha kukanyagwa, kuloweshwa au kuchukuliwa. Ni heri kwenda siku moja kabla, kuonana na msimamizi wa ghala badala ya mlinzi wa mlangoni, na kumwomba kwamba vijana wake wafungue katoni kwa kung'oa utepe badala ya kuzichana kwa kisu. Katoni iliyochanwa kitako haibebi kitu tena. Akikubali, rudi saa uliyoahidi. Muuza duka aliyekuwekea katoni kumi zikamzibia njia siku mbili hatamsikiliza mwingine atakayekuja baada yako.

Ombi hili lilikuwa rahisi zaidi zamani. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, Agosti 28, 2017, katoni tupu imepata kazi mpya: baadhi ya maduka huitumia kumfungashia mteja aliyenunua vitu vingi. Kwa hivyo usishangae ukiambiwa kwamba katoni zilizopo ni za wateja. Kununua kitu kidogo hapo hapo husaidia mazungumzo.

Mlango wa pili, ambao kwa maoni yetu ndio bora na wachache huubisha, ni ofisi za mawakala wa forodha. Ziko nyingi kandokando ya barabara Busia na Malaba, na ingawa hati nyingi sasa hutumwa kwa kompyuta, karatasi za kuchapishia bado hutumika. Karatasi hizo huuzwa katika katoni zenye rimu tano za kurasa 500. Katoni ya aina hiyo ilitengenezwa ili ibebe uzani wa zaidi ya kilo 12, ni fupi, ni nene, na nyingine huwa na kifuniko chake. Kwa vitabu, faili na vyeti hakuna iliyo bora kuishinda. Vituo vya kuchapisha na kunakili hati, ofisi za shule na za serikali ya kaunti huwa nazo pia.

Maduka ya dawa hupokea katoni ndogo na safi zinazofaa vipodozi, redio na vyombo vya jikoni. Wauzaji wa mvinyo na pombe kali huwa na katoni zenye vigawanyo vya ndani, vilivyowekwa ili chupa zisigongane. Hizo zinakubali glasi na vikombe kana kwamba zilitengenezwa kwa kazi hiyo. Usitarajie kitu katika maduka ya soda na bia, maana bia na soda za chupa huja katika makreti ya kurudishwa, nazo soda na maji ya chupa za plastiki hufungwa kwa utando wa plastiki mtupu.

Mwuzaji wa televisheni na majokofu huwa na katoni kubwa kuliko wote, na hizo humtia mtu tamaa bure. Katoni kubwa ikijazwa vitabu haiinuliki, na ikiinuliwa hupasuka. Iache kwa mito, mablanketi na nguo nyepesi. Televisheni yako, ikiwezekana, irudi katika katoni iliyokuja nayo; anayejua kwamba kazi yake ni ya kuhamishwa asiitupe.

Ukikosa za bure, wapo wanaouza. Katika masoko ya miji hii kuna vijana na akina mama wanaokusanya katoni, wakazikunja na kuziuza moja moja au kwa mafungu. Bei hupatanwa, na hubadilika kulingana na ukubwa, ugumu na siku ya mwezi, kwa kuwa mwisho wa mwezi ndio wakati wa kuhama. Wakusanyaji hao pia huuza karatasi kuukuu kwa kilo kwa ajili ya viwanda vinavyoisaga upya. Ndiyo maana si haki kuchukua rundo lililowekwa nje ya duka kwa kudhani halina mwenyewe. Mara nyingi rundo hilo limekwisha kuahidiwa mtu ambaye ndilo chakula chake cha jioni.

Jina lililo juu ya katoni

Katoni hubeba jina la mzigo wake wa kwanza hata baada ya mzigo huo kuondoka. Katika barabara za kutoka Busia kwenda Kisumu na kutoka Malaba kwenda Bungoma kuna vizuizi vya polisi, na maafisa wa Mamlaka ya Ushuru (KRA) hukagua magari wakitafuta bidhaa za magendo. Sigara, pombe, sukari, mayai na mifuko ya plastiki ni miongoni mwa vitu vilivyowahi kunaswa vikipitishwa mpaka huu kwa njia za panya. Sasa fikiria pikapu iliyofunikwa turubai usiku, imejaa katoni zenye maandishi ya sigara. Ndani mna sufuria na nguo za watoto, lakini afisa hana njia ya kulijua hilo pasipo kuamuru kila kitu kishushwe barabarani na kufunguliwa.

Si kosa kutumia katoni iliyokuwa ya sigara au ya pombe. Ni usumbufu tu, nao waepukika. Igeuze ndani nje, kwa kubandua mshono wake mmoja na kuufunga upya kwa utepe, au bandika karatasi nyeupe juu ya maandishi. Kisha andika kwa kalamu nene vilivyomo: "vyombo vya jikoni", "vitabu", "nguo". Safiri mchana. Weka karibu na dereva barua ya uhamisho wa kazi au mkataba wa nyumba, ili lolote litakaloulizwa lijibiwe kwa karatasi.

Wapo pia wanaohama kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili, kwa sababu ya ndoa, kazi au kodi nafuu. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya na Uganda wameweza kuvuka kwa kitambulisho cha kitaifa, na kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018, humwezesha msafiri kukaguliwa mahali pamoja badala ya mara mbili. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamruhusu mtu anayehamisha makao kuingiza vyombo vya nyumba alivyokuwa akivitumia bila kulipa ushuru wa forodha, kwa masharti yaliyowekwa. Msamaha huo humfaa aliyepita mbele ya afisa wa forodha. Hamfai aliyeshawishiwa na mwendesha boda boda kupitia njia ya panya ili kuokoa muda. Huyo vyombo vyake halali hugeuka magendo.

Atakayevuka aandike orodha ya vilivyomo katika kila katoni, na aipe kila katoni nambari. Vitu vipya vilivyo bado katika pakiti zake visichanganywe na vilivyotumika. Anayeingia Kenya asifungie vitu vyake katika mifuko ya plastiki aliyoinunua upande wa Uganda, ambako marufuku ya mwaka 2009 haikutekelezwa ipasavyo na mifuko bado huuzwa. Kenya ilipoanza marufuku yake adhabu iliyotajwa ilikuwa faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne.

Zisizofaa kuingia nyumbani

Katoni za samaki waliogandishwa ni nyingi katika eneo hili la karibu na Ziwa Victoria, na huonekana nzuri kwa macho. Ziache. Maji ya barafu huwa yamekwisha kulegeza kadibodi, na harufu haitoki, hasa ikipata nguo. Katoni za dawa za mimea na mifugo kutoka maduka ya kilimo zisibebe vyombo vya kulia wala mavazi ya watoto, hata kama chupa zilizokuwamo hazikuvuja. Katoni za betri za magari ni imara ajabu, lakini tone moja la asidi hutoboa shuka. Nayo masanduku ya hospitalini ya kutupia sindano zilizotumika yasiguswe kabisa, hata yakionekana matupu.

Adui mwingine ni mende. Kadibodi ya katoni si ubao mmoja. Ni karatasi mbili bapa zenye karatasi ya tatu katikati, iliyokunjwa mawimbi mawimbi. Mawimbi hayo ndiyo yanayoipa nguvu, na Mmarekani Albert Jones aliyapatia hataza mwaka 1871 kwa ajili ya kufungia chupa. Vijitundu vya mawimbi hayo pia ni chumba kizuri cha mende mdogo kujifichia na kuacha vifuko vya mayai. Katoni iliyokaa miezi katika ghala la unga au nyuma ya mkahawa inaweza kuwahamishia wageni hao nyumba mpya kabla mwenyewe hajaingia. Zikung'ute, zianike juani mchana kutwa zikiwa zimefunguliwa pande zote, na uchunguze mikunjo yake. Zilizokaa karibu na marobota ya mitumba zichunguzwe zaidi kwa sababu ya kunguni.

Kufunga na kupakia

Bonyeza kona ya katoni kwa kidole gumba. Ikirudi ilivyokuwa, ni nzima. Ikibaki na shimo, imekwisha kupata unyevu na nguvu zake zimepungua. Ukitazama ukingo wake ukaona safu mbili za mawimbi badala ya moja, hiyo ni ya vitu vizito. Kitako kifungwe kwa utepe mpana kwa umbo la msalaba, na kama utepe haupo, kamba ya katani ipitishwe pande zote mbili. Kukunja vifuniko vya chini kwa kupishana bila kuvifunga, jinsi wengi wafanyavyo, hufaa nguo tu.

Sahani zisimamishwe wima kama vitabu vilivyo rafuni, zisilazwe moja juu ya nyingine; zikilazwa, tikiso la barabara lote humwangukia wa chini. Magazeti ya zamani ndiyo kifungio cha kawaida, ingawa msomaji atagundua kwamba wauza nyama na njugu nao wanayatafuta. Kuna kitu cha bure ambacho kaunti hii inacho kwa wingi, nacho ni majani makavu ya migomba. Yakikauka vizuri ni laini, ni mepesi na hayaachi wino kwenye vikombe. Leso na taulo zako zitumike pia, kwa kuwa lazima zisafirishwe hata hivyo.

Si kila kitu kinahitaji katoni. Ndoo, karai, sufuria kubwa na sanduku la chuma la mwanafunzi wa bweni tayari ni vifungio. Magunia ya sukari na mchele hutosha kwa viatu na nguo za kazi. Nyumba ya chumba kimoja na jikoni inaweza kuhamishwa kwa katoni kumi na tano au hata pungufu, mwenyewe akijua kutumia alivyo navyo.

Mvua ndiyo inayoharibu mengi. Masika ya Machi hadi Mei hunyesha hapa sana, na vuli hurudi kabla ya mwisho wa mwaka; hata nje ya misimu hiyo manyunyu ya alasiri kutoka upande wa ziwa hayana taarifa. Katoni iliyolowa hukatika mikononi. Pakia asubuhi, uweke mbao au godoro kuukuu sakafuni mwa gari ili katoni zisiguse bati, na turubai liwe limefungwa kabla ya kuondoka. Kwa mkokoteni, ambao ndio unaotumika kuhama ndani ya mji, panga katoni nzito chini kati ya magurudumu na utembee kando yake.

Mkazi wa Malaba aulize pia hali ya barabara kabla ya kumlipa dereva. Msururu wa malori ukikwama, gari dogo la vyombo hukwama nalo. Mwaka 2020, wakati madereva walipokuwa wakipimwa corona mpakani, msururu huo ulifika makumi ya kilomita, na waliohama wakati huo walilazimika kutafuta njia za vumbi.

Vyeti, vitambulisho, hati za ardhi na dawa za kila siku visiingie katoni yoyote. Vibaki katika mkoba utakaoubeba mwenyewe.

Ukishafika na kufungua, bandua utepe na uzikunje katoni zilizobaki nzima siku hiyo hiyo, kabla watoto hawajazifanya nyumba. Mfugaji wa vifaranga huzihitaji kuzungushia joto, na mkusanyaji atazinunua kwa kilo. Aliyekupa za bure dukani huenda asizihitaji tena, lakini jirani anayehama mwezi ujao atazihitaji.